Kompyuta Mpakato ya Zamani Isitupwe Kabla ya Kukaguliwa

Linux ni mfumo endeshi usiolipiwa, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na hufaa sana kwa kompyuta mpakato zilizozeeka. Hata hivyo, kijana anapojaribu kuweka humo programu iigayo mashine za michezo za Nintendo au Sega za miaka ya 1980 na 1990, usakinishaji huweza kukwama, na kaya ikaamua kuwa kompyuta imekufa. Uamuzi huo huweza kuinyima familia chombo ambacho bado kingefaa kuandikia barua, kusomea masomo na kutunzia hesabu za shamba. Ni vyema mambo matatu yakaguliwe kwanza.

Jambo la kwanza ni tarehe. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo, mara nyingi yenye umbo la sarafu, inayotunza saa umeme unapozimwa. Ikiisha nguvu, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Hapo mfumo hukataa kupakua programu, kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti huonekana havijaanza kutumika. Tarehe ikirekebishwa katika mipangilio, hitilafu hiyo huondoka. Betri ikibadilishwa, hairudi.

Jambo la pili ni aina ya kichakataji. Katika dirisha la amri, andika uname -m. Jibu likiwa x86_64, mfumo ni wa biti 64. Likiwa i686, ni wa biti 32, na programu iliyotengenezwa kwa biti 64 haitafunguka hata ikipakuliwa mara kumi. Kabla ya kukata tamaa, andika lscpu: huenda kichakataji chenyewe kinamudu biti 64, ila kiliwekewa mfumo wa biti 32. Kisipomudu, Debian toleo la 12 la mwaka 2023 bado linakifaa. Toleo la 13 la mwaka 2025 halina tena kisakinishi cha biti 32.

Jambo la tatu ni uwezo. Amri df -h huonesha nafasi iliyobaki katika diski, na free -h huonesha kumbukumbu. Panapokuwa na uhaba, ianzwe michezo ya mashine kongwe zaidi, kwa kuwa kadiri mashine inayoigwa ilivyo mpya ndivyo inavyodai nguvu nyingi.

Programu zichukuliwe katika hazina rasmi ya mfumo, kwa mfano kwa amri sudo apt update, kisha sudo apt install mednafen. Faili zinazogawiwa kwa flashi au na tovuti zisizojulikana huweza kubeba virusi. Aidha, programu igizi ni halali, lakini michezo yenyewe ina wenyewe: kuinakili bila idhini kunaweza kukiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Ukaguzi huu hauhitaji bando wala malipo ya fundi. Ufanyike kwanza, ndipo kaya iamue iwapo kompyuta itengenezwe au iachwe.