Deni la Chumba Namba 16

Hoteli d'Alsace ilikuwa nyumba ya wageni ya bei nafuu katika Rue des Beaux-Arts namba 13, mtaa mfupi wa Paris upande wa kusini wa mto Seine, karibu kabisa na chuo cha sanaa kilichoupa mtaa huo jina lake. Ndimo alimofia mwandishi Oscar Wilde tarehe 30 Novemba 1900, akiwa na umri wa miaka 46, hana fedha na anadaiwa. Hayo yanajulikana. Lisilotajwa sana ni kwamba kati ya mashada 24 yaliyoletwa kwenye mazishi yake, mawili hayakuwa ya maua. Yalikuwa ya shanga. Moja lilitoka kwa watumishi wa hoteli, jingine kwa mwenye hoteli, Bwana Dupoirier, nalo lilikuwa na maandishi: "Kwa mpangaji wangu." Mpangaji mwenyewe alikuwa amekufa bila kumlipa zaidi ya pauni 190.

Shada la shanga lilikuwa jambo la kawaida kwa Wafaransa wa hali ya chini na ya kati wa zama hizo. Fundi alitunga shanga ndogo za kioo kwenye waya mwembamba, akaukunja waya ukawa petali, majani na vichipukizi, kisha akaviunga pamoja juu ya duara la waya mnene. Rangi zilizopendwa zaidi zilikuwa nyeusi, nyeupe na zambarau, na katikati kilitengwa kipande cha kuwekea maneno: kwa mama yangu, kwa mume wangu, kwa rafiki yetu. Mashada hayo yaliuzwa madukani na karibu na milango ya makaburi. Faida yake ilikuwa moja: hayanyauki. Maua ya waridi yaliyonunuliwa na marafiki wenye uwezo yangeoza wiki ileile, ilhali shanga zingevumilia mvua na baridi kwa miaka. Watu wa tabaka la Wilde waliyaona kuwa ni mapambo ya washamba. Mwandishi aliyejijengea jina kwa kuhubiri uzuri na kudhihaki samani mbovu za watu akasindikizwa na kitu ambacho, akiwa hai, huenda angekicheka.

Habari za shada hilo zinatokana na barua ndefu ya Robert Ross, rafiki mwaminifu wa Wilde, aliyomwandikia rafiki yao More Adey tarehe 14 Desemba 1900. Ross aliyahesabu mashada na kuwaorodhesha waliohudhuria, na kwa maoni yake zawadi ya mwenye hoteli ilitia huruma. Dupoirier mwenyewe hakuandika kitabu. Kinachojulikana kumhusu kimo katika barua hiyo na katika kumbukumbu alizosimulia baadaye kwa waliomfuata kumuuliza. Hata hivyo, habari za miaka ya mwisho ya Wilde zikisomwa kwa makini, sauti yake ndiyo inayosikika zaidi kuliko zote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo kila siku.

Wilde alitoka gerezani nchini Uingereza mwaka 1897 baada ya kifungo cha miaka miwili, akavuka bahari kwenda Ufaransa na hakurudi tena. Alijiita Sebastian Melmoth. Sebastian lilitokana na shahidi wa Kikristo aliyechomwa mishale. Melmoth ni mhusika wa riwaya ya Charles Maturin, ndugu wa mama yake kwa njia ya ndoa. Mapema mwaka 1898 alifika Paris, akaanza kuhama hoteli hadi hoteli kulingana na hali ya mfuko.

Nyumba alizolala hazikuwa hoteli za watalii. Paris ilijaa nyumba za namna hiyo, zenye vyumba vilivyowekwa kitanda, meza na kabati, vikakodishwa kwa wiki au kwa mwezi kwa wanafunzi, mafundi, wageni waliofilisika na watu wasiotaka kuulizwa maswali. Mwenye nyumba aliishi humohumo. Alijua nani amerudi saa ngapi, nani kalewa, nani amepokea barua yenye fedha. Chombo chake kikuu cha kazi kilikuwa kitabu cha wageni. Sheria ya jinai ya mwaka 1810 ilimtaka kila mwenye nyumba ya kulala wageni aandike papo hapo, bila kuacha nafasi tupu, jina la mgeni, kazi yake, makazi yake, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Polisi walikuwa na haki ya kukikagua. Msomaji aliyewahi kulala gesti ya Dodoma au Moshi anakifahamu kitabu cha aina hiyo, na anafahamu pia kwamba si kila jina lililomo ni la kweli.

Mwaka 1899 Wilde alikuwa amefukuzwa kwenye hoteli nyingine, Marsollier, na nguo zake zimezuiliwa kwa sababu ya deni. Dupoirier, ambaye alishawahi kumpokea mwaka uliotangulia, akaenda kulipa deni hilo, akamkombolea mizigo yake na kumpa vyumba d'Alsace. Hilo halikuwa tendo la kibiashara. Mfanyabiashara anayelipa deni la mteja kwa mshindani wake ili apate nafasi ya kumkopesha zaidi hajafanya hesabu, au amefanya hesabu ya aina nyingine.

Ratiba ya mgeni huyo, kama Dupoirier alivyoikumbuka, haikubadilika sana. Saa tano asubuhi alipelekewa kahawa, mkate na siagi. Saa nane mchana, kipande cha nyama na mayai mawili ya kuchemsha. Saa kumi na moja jioni alitoka kwenda mikahawani, akala chakula cha usiku huko mjini, na akarudi saa saba au saa nane za usiku, mara nyingine hata baada ya hapo. Kisha kulikuwa na konyaki. Dupoirier ndiye aliyetumwa kuinunua: chupa nne, wakati mwingine tano kwa wiki, kila moja faranga 25 hadi 28. Kama kumbukumbu hiyo ni sahihi, konyaki peke yake ilimeza zaidi ya faranga 5,000 kwa mwaka. Posho ya uhakika ya Wilde, iliyotokana na mali ya mkewe, ilikuwa pauni 150 kwa mwaka, yaani faranga zisizofika 3,800. Fedha nyingine zilitoka kwa marafiki, au kwa kuuza wazo la tamthilia moja kwa watu kadhaa kwa wakati mmoja. Kodi ya chumba ndiyo iliyosubiri.

Oktoba 1900 Wilde alifanyiwa upasuaji wa sikio humohumo chumbani. Dupoirier alikuwepo. Ross anaeleza kwamba tangu siku mgonjwa alipolazwa, mwenye hoteli hakutamka tena neno lolote kuhusu deni. Hata kwa Ross hakulitaja mpaka Wilde alipokwisha kufa, na hapo ni Ross aliyeanzisha mazungumzo. Kila asubuhi Dupoirier alimhudumia mgonjwa kwa mikono yake mwenyewe. Vitu alivyoagiza daktari, na vile vya anasa alivyovitamani mgonjwa, alivinunua kwa fedha zake. Wilde kwa upande wake aliwachekesha wageni kwa kusema kwamba anakufa kwa gharama asizozimudu, na kwamba kati yake na karatasi za ukutani za chumba kile lazima mmoja aondoke. Maneno hayo ya pili hurudiwa siku hizi kana kwamba ndiyo yaliyomtoka wakati wa kukata roho, lakini aliyasema wiki kadhaa kabla. Dupoirier alijisikiaje kusikia karatasi zake zikifanyiwa mzaha na mtu asiyelipa kodi? Hakuna aliyemuuliza.

Ugonjwa ulipanda kutoka sikioni hadi kwenye ubongo. Tarehe 29 Novemba Ross alimwita padri Mkatoliki, Cuthbert Dunne, naye padri akampokea mgonjwa katika Kanisa. Kesho yake, muda mfupi kabla ya saa nane mchana, Wilde alifariki. Hatua iliyofuata haikuwa ya kishairi hata kidogo. Maiti ilioshwa na kuvishwa, vitu vilivyochafuka vikapelekwa kuchomwa moto, kisha watu watatu, yaani Ross, rafiki yao Reginald Turner na Dupoirier, wakaenda ofisi ya meya wa wilaya kutoa taarifa ya kifo.

Huko ndiko kitabu cha wageni kilikomkamata mwenye hoteli. Aliyekufa ni Oscar Wilde. Aliyeandikwa kitabuni ni Sebastian Melmoth. Kukaa hotelini kwa jina la bandia kulikuwa kosa. Dupoirier akababaika. Kwa maelezo ya Ross, mtu huyo mwema alipoteza utulivu kabisa, akaanza kuzungukazunguka na kulifanya jina la mgeni kuwa fumbo mbele ya makarani, jambo lililozidi kuwatia shaka. Kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja jioni walipelekwa huku na huku kati ya ofisi ya meya na ofisi ya kamishna wa polisi. Mwishowe Ross alikasirika, akaenda kwa mzikaji aliyekuwa akihudumia ubalozi wa Uingereza. Hata baada ya hapo maofisa waliuliza kama marehemu alijiua au aliuawa, na nusura maiti ipelekwe chumba cha maiti cha serikali. Daktari wa wilaya alifika, akaichunguza maiti, akawachunguza na waliokuwamo hotelini, akanywa, akatania, akapokea malipo ya kutosha, ndipo akatia sahihi kibali cha mazishi.

Je, Dupoirier alilijua jina la kweli tangu mwanzo? Huenda. Marafiki walikuwa wakija na kutoka, na sura ya Wilde haikuwa ngeni kwa Paris. Kubabaika kwake ofisini kunaweza kusomwa kama hofu ya mtu aliyevunja sheria kwa kujua, au kama aibu ya mtu aliyetaka kulilinda jina la mgeni wake hata baada ya kifo.

Mazishi yalifanyika tarehe 3 Desemba. Ibada ilikuwa katika kanisa la Saint-Germain-des-Prés, si mbali na hoteli, na maziko katika makaburi ya Bagneux, nje ya mji. Ross aliwahesabu watu 56. Mwaka 1909 mabaki yalihamishiwa Père Lachaise, mahali lilipo sasa jiwe kubwa la kaburi lililochongwa na Jacob Epstein. Kuhusu fedha, Ross alimwomba Adey asaidie kuhakikisha mwenye hoteli analipwa, kisha akatumia miaka kadhaa kusafisha madeni ya rafiki yake kwa mapato ya vitabu na tamthilia, hadi mirathi ikatoka kwenye hali ya ufilisi mwaka 1906.

Jengo lenyewe likabadilika. Katika miaka ya 1960 Guy-Louis Duboucheron alilifanyia ukarabati mkubwa na kulifungua upya kwa jina fupi kupita kiasi, L'Hôtel. Ndani kuna ngazi ya mviringo na uwazi wa duara unaopanda hadi juu kabisa, vyumba 20 hivi, na bwawa dogo chini ya matao ya mawe ya ghala la zamani. Mbunifu Jacques Garcia alilipamba tena mwaka 2000. Mwandishi wa Argentina, Jorge Luis Borges, alikuwa mgeni wa mara kwa mara katika miaka yake ya uzee. Mtu anayelala humo sasa hulipa mamia ya yuro kwa usiku mmoja, na chumba namba 16, kinachoitwa cha Oscar Wilde, ni miongoni mwa vile vya bei ya juu.

Karatasi za ukutani zilizomkera hazipo. Mahali pake pamechorwa tausi, ndege ambaye Wilde angemkubali. Ukutani pametundikwa kwenye fremu nakala za barua, na mojawapo ni ya uongozi wa hoteli kumdai kodi. Barua hiyo haipingani na maelezo ya Ross, kwa kuwa Ross anazungumzia kimya kilichoanza siku ya kulazwa. Kabla ya hapo Dupoirier alidai kama mwenye nyumba yeyote angedai. Linaloleta ukakasi ni kwamba wenye hoteli wamechagua kuitundika barua ya kudai. Shada la shanga halimo. Mgeni wa leo anaondoka akiwa na picha ya mwandishi mcheshi aliyemkwepa mwenye nyumba, wakati kumbukumbu zinaonyesha mwenye nyumba aliyemuuguza mgeni wake na kubaki anamdai. Kumtangaza mdaiwa na kumsahau mdai ni biashara nzuri, lakini si haki.

Msomaji atakayefika Paris bila fedha ya kulala humo anaweza kusimama barabarani na kusoma kibao cha mawe kilicho ukutani kando ya mlango; ni bure. Kinamtaja mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyefia katika nyumba hiyo, na hakimtaji Dupoirier. Kinasema pia kwamba Wilde alizaliwa Dublin tarehe 15 Oktoba 1856, jambo ambalo si sahihi: alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1854.