Fahamu Namna ya Kutunza Mfumo wa Moshi wa Pikapu ya Dizeli

Pikapu inayotumia dizeli ni miongoni mwa magari yanayotegemewa sana katika shughuli za kila siku nchini. Hupeleka chanjo na dawa kwenye zahanati, hubeba pembejeo za wakulima na huwafikisha wataalamu wa maji na barabara mahali ambapo gari dogo haliwezi kupita. Pamoja na umuhimu huo, upo mfumo mmoja ambao wamiliki na madereva wengi huukumbuka pale tu unapoanza kupiga kelele au kutoa moshi mzito. Huo ni mfumo wa kutoa na kusafisha moshi.

Mfumo huo huanzia kwenye injini, hupita kwenye tabo, kisha huendelea kwenye bomba la ekzosi na silensa hadi nyuma ya gari. Pikapu nyingi za miaka ya karibuni zimeongezewa vifaa vya kusafisha moshi. Ipo valvu ya EGR, inayorejesha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza gesi za naitrojeni. Kipo kichocheo kinachobadilisha gesi zenye sumu, na lipo chujio la masizi ambalo mafundi huliita DPF.

Umuhimu wa vifaa hivyo unatokana na madhara ya moshi wenyewe. Mwezi Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chembe za masizi ni ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Wanaozivuta kwa wingi ni madereva, mafundi, wafanyabiashara wa kando ya barabara na watoto waendao shule kwa miguu.

Rangi ya moshi ina maana

Dereva makini anaweza kutambua tatizo mapema kwa kuangalia rangi ya moshi. Moshi mweusi huashiria kuwa dizeli ni nyingi kuliko hewa, na chanzo huwa chujio la hewa lililojaa vumbi, bomba la tabo lililopasuka au nozeli zilizochoka. Moshi wa bluu huonesha kuwa oili ya injini inaungua, ama kwa kuchakaa kwa pistoni na ringi zake au kwa kuvuja kwa tabo. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto huweza kumaanisha dizeli isiyoungua, au maji ya rejeta yanayoingia ndani ya injini.

Hata hivyo, gari lenye DPF huweza kuuficha moshi mweusi kwa muda mrefu, kwa kuwa karibu masizi yote hunaswa na chujio. Ndiyo maana taa ya tahadhari kwenye dashibodi haipaswi kupuuzwa.

Kwa nini DPF huziba

Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi yaliyokusanyika. Kazi hiyo huhitaji joto kali, takriban nyuzi joto 600 za Selsiasi, ambalo hupatikana kwa urahisi gari linapotembea kwa mwendo wa barabara kuu bila kusimama. Pikapu inayozunguka mjini kwa safari fupi, au inayoachwa ikiunguruma kwa muda mrefu ikisubiri abiria, haifikii joto hilo.

Aidha, dereva akizima injini katikati ya zoezi la kujisafisha, masizi hubaki, na dizeli iliyonyunyizwa kwa ajili ya kuongeza joto huweza kuchuruzika na kuchanganyika na oili. Dalili yake ni kipimo cha oili kupanda badala ya kushuka. Oili ya namna hiyo huwa nyepesi na hushindwa kulinda injini, hivyo inapaswa kubadilishwa mapema. Taa ya DPF inapowaka, hatua ya kwanza ni kuendesha gari kwa mwendo wa wastani usiokatizwa kwa takriban dakika 20, kadiri kitabu cha gari kinavyoelekeza. Ikiwa taa haizimiki, gari lifikishwe kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia.

Fundi naye anapaswa kutafuta chanzo. Chujio likisafishwa huku nozeli ikiendelea kuvuja au valvu ya EGR ikiwa imekwama, litaziba tena baada ya muda mfupi na fedha zitakuwa zimepotea. Vilevile, kuling'oa chujio au kulitoboa ni kuhamishia gharama kwenye mapafu ya wananchi, jambo lililo kinyume na dhamira ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Mafuta, oili na ukaguzi

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza mwaka 2015 kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Manufaa ya kiwango hicho hupotea pale dizeli inaponunuliwa kwenye madumu au inapochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo huharibu pampu na nozeli. Gari lenye DPF linahitaji pia oili maalumu yenye majivu machache, kwa kuwa majivu ya oili hayaungui na hubaki ndani ya chujio.

Katika kila huduma, ekzosi ikaguliwe kuanzia kwenye injini hadi nyuma: gasketi, viungo, nyufa, kutu na raba zinazolishikilia bomba, hasa kwa magari yanayopita barabara za mawe. Alama nyeusi ya masizi kwenye kiungo ni dalili ya kuvuja. Uvujaji karibu na kebini ni hatari kwa maisha, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Wakati wa kiangazi, gari lililotoka safarini lisiegeshwe juu ya nyasi kavu, kwa kuwa joto la ekzosi huweza kuwasha moto.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Chujio la hewa lililobadilishwa kwa wakati na kiungo cha ekzosi kilichokazwa mapema vina gharama ndogo kuliko DPF mpya, na huiwezesha pikapu kufika zahanati bila kuwaachia moshi wagonjwa inaowahudumia.