Ganda la Korosho Si Taka

Ndugu wanachama, sisi watu wa karafuu hatuna haja ya kufundishwa kuwa makonyo si taka, maana hupikwa kwa mvuke yakatoa mafuta. Na ganda la korosho ni vivyo hivyo.

Ndani yake mna utomvu uunguzao ngozi, wapata robo ya uzito wa ganda. Kilicho kingi humo ni asidi ya anakadiki. Ikipata moto mkali hugeuka kadanoli, itumikayo katika rangi na breki za magari.

Kutenga vitu hivi kwa kuvukiza hula kuni nyingi. Iko njia nyepesi: utomvu uliotolewa bila kuchomwa huyeyushwa katika spiriti, ukatiwa chokaa kwa joto dogo. Asidi hushikana na chokaa, ikaganda, ikachujwa. Kadanoli hubaki katika spiriti. Kisha asidi hutenganishwa na chokaa.

Kazi hii yataka fundi, tusiijaribu majumbani. Lakini wengi wetu tuna mikorosho, na maganda twayachoma, moshi ukituwasha macho. Gunia moja halimshughulishi mnunuzi. Ya wanachama wote huenda yakamshughulisha. Twaomba jambo hili lizungumzwe mkutanoni. Haba na haba hujaza kibaba.