Fahamu: Kwa nini bunduki nyingi za mitutu miwili Marekani hutoka ng'ambo

Marekani ina viwanda vya silaha tele, lakini mwindaji anayetaka bunduki ya marisau ya mitutu miwili kwa bei ya kawaida aghalabu atauziwa iliyotoka Uturuki, Italia au Brazil. Hata Browning, kampuni yenye makao Utah, bunduki yake ya mitutu miwili iitwayo Citori hutengenezwa na kampuni ya Miroku ya Japani.

Ugumu uko kwenye mitutu. Haiwekwi sambamba tu: huelekezwa ndani kidogo, kisha huunganishwa kwa madini yaliyoyeyushwa, ili marisau ya mitutu yote miwili yatue pamoja umbali wa mita 35 hivi. Ikikosewa, fundi huyeyusha kiungo na kuanza upya. Mashine zimepunguza kazi hiyo, hazijaimaliza, na mshahara wa fundi wa Kimarekani hupandisha bei mno. Huko Huğlu, mji mdogo mkoani Konya, Uturuki, mafundi wameungana katika ushirika na bunduki ndiyo riziki yao.

Kampuni ya Kimarekani ya Ruger ilijaribu kushindana. Bunduki yake ya mitutu miwili, Red Label, ilitoka 1977, ikasitishwa 2011, ikarudishwa 2013, ikaachwa tena 2015. Kampuni nyingine ya Kimarekani, Connecticut Shotgun, ingalipo, ila wateja wake ni wenye fedha zao.

Je, ushuru wa forodha kama ule wa Marekani wa 2025, uliofika asilimia 50 kwa bidhaa nyingi za Brazil, unaweza kurudisha kazi hii nyumbani? Sidhani. Mafundi hawapatikani kwa amri ya forodha, na bei ikipanda atakayeumia kwanza ni mnunuzi.