Jinsi Spiriti Inavyokaushwa kwa Utando

Spiriti itengenezwayo kwa molasi ya miwa yaweza kuchanganywa na petroli ya magari, kama ilivyofanywa nchini Kenya katika miaka ya 1980. Lakini hapana budi iwe kavu. Maji yakizidi, spiriti hujitenga na petroli, ikashuka pamoja nayo chini ya tangi, na gari likazimika njiani.

Kuyaondoa maji hayo kuna taabu. Maji huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi na spiriti kwa digrii 78, basi mtu hudhani kuwa kuikeneka mara nyingi kutatosha. Sivyo. Ifikapo yapata sehemu 95 na nusu katika kila 100 kwa uzani, maji yaliyosalia hupanda na mvuke kwa kipimo kile kile, hata mtu akichemsha mwaka mzima. Zamani viwanda vingi vilitia benzeni ili kuyatoa, nayo ni dawa iletayo saratani ya damu kwa wenye kuivuta.

Njia nyingine ilidokezwa mwaka 1917 na P. A. Kober wa Marekani. Msaidizi wake alimwonyesha mfuko wa kolodioni uliotundikwa hewani: ulifungwa barabara, lakini kimiminiko kilichokuwamo kilipungua. Kilikuwa kikipenya katika ngozi ya mfuko na kugeuka mvuke nje.

Viwandani siku hizi hutumiwa utando wa plastiki ipendayo maji. Spiriti yenye moto hupitishwa upande mmoja; upande wa pili pampu huondoa hewa. Huku si kuchuja kama chai, maana utando hauna matundu ya kuonekana. Maji huingia ndani ya plastiki yenyewe, hupenya, hugeuka mvuke, kisha hupozwa na kumwagwa. Spiriti karibu yote hubaki. Kugeuka mvuke hula joto, kwa hiyo spiriti hupashwa moto tena na tena njiani. Hata hivyo kuni au mafuta yatumikayo ni machache, kwani kinachogeuzwa mvuke ni yale maji kidogo tu.

Mwaka 1988 mtambo wa namna hii ulianza kazi huko Bétheniville, Ufaransa, wa kukausha lita 150,000 kwa siku. Spiriti yenye maji mengi bado hukenekwa kwanza, la sivyo utando ungehitajiwa mkubwa mno.