Sharti la Silaha, Sharti la Jembe

Kila mwaka ifikapo Mei 15, serikali ya Marekani hulikabidhi Bunge lake orodha ya nchi ambazo, kwa maoni yake, hazishirikiani nayo kikamilifu katika kupambana na ugaidi. Agizo hilo limo katika kifungu cha 40A cha sheria ya kudhibiti uuzaji wa silaha nje, kilichoongezwa mwaka 1996. Nchi inayotajwa humo haiuziwi silaha za Marekani. Eritrea ilikaa humo kwa miaka mingi, ikaondolewa Mei 2019.

Wengi huichanganya orodha hiyo na nyingine nzito zaidi, ile ya nchi zinazodaiwa kuufadhili ugaidi. Humo hazikatwi silaha peke yake. Misaada mingi ya maendeleo nayo husimama, na Marekani hupinga nchi husika isipewe mikopo ya Benki ya Dunia. Sudan iliingizwa mwaka 1993 na kutolewa Desemba 2020, baada ya kukubali kulipa dola milioni 335 kwa waathirika wa ugaidi. Miongoni mwao ni waathirika wa milipuko ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam.

Sharti la orodha ya kwanza huishia kwenye ghala la silaha, la orodha ya pili hufika hadi shambani. Tanzania iliionja tofauti hiyo kabla sheria hizo hazijatungwa, na milima ya Usambara inaeleza kwa nini ni kubwa.

Baada ya Muungano wa Aprili 1964, Tanzania ilijikuta na wageni wawili wasiokaa meza moja. Ujerumani Mashariki ilikuwa na ubalozi Zanzibar, na Ujerumani Magharibi ilikuwa ikisaidia Bara. Kwa kanuni ya Hallstein, serikali ya Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, haikutaka urafiki na nchi inayomtambua mpinzani wake. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati: ubalozi ule ufungwe, Ujerumani Mashariki ibaki na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Bonn haikuridhika. Mapema mwaka 1965 iliwaondoa ghafla wakufunzi wake wa kijeshi, wakiwamo wa kikosi cha anga. Mwalimu akajibu kwamba basi waondoke na misaada yao mingine ya kiserikali.

Pengo la kijeshi lilizibwa upesi. Kanada ikachukua mafunzo ya kikosi cha anga, China nayo ikajongea. Mwenye kuuza au kugawa silaha duniani si mmoja, na anayefungiwa mlango huku hubisha hodi kule. Hapo ndipo ulipo udhaifu wa sharti la silaha.

Shambani mambo ni mengine. Fedha za Bonn zilirudi Tanga mwaka 1972 kupitia mpango wa maendeleo vijijini wa mkoa, TIRDEP. Mwaka 1981 ukaanza mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko wa udongo wilayani Lushoto, kwenye milima hiyo ya Usambara, uliodumu hadi mwaka 2000. Kazi yake ilikuwa ya taratibu mno. Mkulima alipanda mistari ya majani ya gwatemala na migrivea kuukata mteremko kwa upana, ili maji ya masika yakishuka yaache udongo nyuma yake. Ng'ombe alifungiwa zizini, majani yakakatwa na kupelekewa, samadi ikarudi shambani. Faida haionekani msimu wa kwanza. Mradi wa namna hii ukikatwa mwaka wa pili kwa sababu ya ugomvi wa mabalozi, hakuna Kanada ya kuja kuumalizia, na udongo ulioshuka na maji haupandi tena mlimani.

Watetezi wa masharti watasema: bila kubanwa, nani atashirikiana? Hoja hiyo ina uzito, lakini rekodi yetu haiiungi mkono sana. Tanzania ilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002 baada ya yenyewe kuzika watu 11 waliouawa katika mlipuko wa 1998 Dar es Salaam. Februari 2015, polisi na wanajeshi walipambana na watu wenye silaha huko Amboni, nje ya jiji la Tanga. Hapo ulinzi ulikuwa haja ya wenyeji wenyewe.

Tena mtoa sharti naye ana shida zake. Mwaka 2003 Marekani ilizuia msaada wa kijeshi kwa Tanzania, na mwaka 2005 kwa Kenya, kwa sababu zilikataa kutia saini mkataba wa kuwakinga raia wa Marekani dhidi ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Nchi zilezile zilizolipuliwa mwaka 1998 zikanyimwa mafunzo. Hazikusaini, na mwaka 2006 Rais Bush akalegeza zuio la mafunzo. Anayekuhitaji hawezi kukubana muda mrefu.

Kwa hiyo mhisani akitaka kudai ushirikiano wa kiusalama, aufunge kwenye msaada wa kiusalama. Sharti hilo ni dhaifu, lakini angalau linawabana waliokaa mezani, wala halimgusi mkulima wa Mlalo, kule Lushoto, asiyejua hata kikao kilikuwa lini. Na maofisa wetu wanaosaini mikataba ya misaada wadai kipengele kimoja cha ziada: kazi iliyokwisha kuanza ardhini imalizwe kwa ratiba yake, hata uhusiano ukiharibika. Kipengele hicho kidaiwe siku ya kusaini, maana siku ya ugomvi hakuna atakayekitoa.