Kofia ya Jino: Tusikimbilie Kung'oa



Wengi wetu tukiumwa jino, dawa tunayoijua ni moja tu: kung'oa. Mimi mwenyewe nimeng'oa magego mawili, na leo nyama naitafunia upande mmoja. Jino la mtu mzima likitoka haliooti tena.

Lakini jino lililooza au kuvunjika mara nyingi linaweza kuokolewa. Daktari wa meno huondoa uozo, na ikiwa ugonjwa umeingia ndani, husafisha mizizi na kuiziba. Gego lililotibiwa hivyo hubaki dhaifu na huweza kupasuka. Ndiyo maana huvikwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha madini au cha kauri. Daktari hulichonga jino, huchukua kipimo chake, na kofia ikiisha kutengenezwa huigandisha juu yake. Mara nyingi utakwenda kwake mara mbili.

Faida ni hizi: unatafuna pande zote, jino halipasuki ovyo, na meno ya jirani hayainamii pengo. Kofia ikitunzwa huweza kudumu miaka 10 hadi 15, pengine zaidi. Lakini chini yake jino ni lile lile. Usipopiga mswaki litaoza ukingoni.

Gharama yake si ndogo, na mshahara wetu mnaujua. Kwa hiyo kila tawi, likikaa na mwajiri kuzungumzia matibabu, liulize: mkataba wetu unalipia kung'oa tu, au na kuokoa jino pia?